Aliyesahihisha Kazi ya Marehemu

Inspekta alimkuta Nyundo amevua shati, akajua amechelewa.

Sajenti yule hakuitwa Nyundo kwa sababu ya useremala. Kila akivua shati lake la kazi na kulitundika vizuri kwenye kitasa cha dirisha, ujue kuna mtu atakojoa damu. Asubuhi hiyo mtu mwenyewe alikuwa fundi pikipiki, mdogo wa mtu aliyeuawa jana yake, amefungwa mikono kwenye nondo za dirisha, vidole vya miguu vikigusa sakafu kwa taabu. Mpira wa maji ulikuwa umemchorachora mgongo mzima. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na lile jingine lilimtazama Inspekta bila kumwomba chochote.

"Mfungue."

"Bado kidogo tu, Shangazi," Nyundo alijibu, akihema kama mtu aliyepakua magunia. "Ameshaanza kulainika."

Kituo kizima kilimwita Shangazi kwa sababu alikuwa na mdomo mkali na katika kugomba hakuangalia cheo cha mtu. Safari hii hakugomba. Aliunyakua ule mpira, akamtandika nao Nyundo pajani kwa nguvu zake zote, na jitu lile likaruka kama limekanyaga kaa la moto.

"Umeusikia utamu wake? Haya, mfungue."

Kelele zile zilimleta Mkuu wa kituo, kikombe mkononi. "Mmeanza kupigana wenyewe kwa wenyewe?"

"Mkuu, huyu hakumuua kaka yake."

"Majirani walimsikia akisema 'nitakuua wewe.' Tumemkamata na damu ya marehemu mpaka kwenye kola. Unataka nini tena, akuandikie kadi ya mwaliko?"

"Alimkuta kaka yake anakata roho, akampakata. Ukimpakata majeruhi utapata damu. Halafu aliyeua alivunja vidole kwanza, kimoja kimoja, ndipo akampasua kichwa. Mtu wa hasira za nyumbani anapiga tu. Anayevunja vidole kwa zamu anataka kuambiwa kitu."

Fundi pikipiki alikuwa ameshafunguliwa na kuanguka chini. Aliongea akiwa ameweka shavu sakafuni. "Nilipigiwa simu, dada. Simu ya kazini kwake. Nikaambiwa kaka kazidiwa, njoo. Na yale ya kumuua nilisema kwa sababu alikuwa haji kumwona mama. Mama mgonjwa. Nilisema tu, dada. Watu si wanasema?"

"Wanasema," Inspekta alimjibu.

Mkuu alipuliza chai yake. "Karandinga la mahakamani linaondoka alasiri. Ukirudi na mtu, heri. Ukirudi mikono mitupu, huyu anapanda na maelezo yake, na kesi ya kuua unaijua mwisho wake. Kitanzi."

"Na mpaka nirudi hataguswa."

"Hataguswa," Mkuu alisema.

Nyundo alikuwa anajisugua paja. 

* * *

Marehemu alifanya kazi ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, katika chumba chenye meza nne na joto la mashine. Mwili ulikuwa umeondolewa lakini damu ilikuwa imebaki: kwenye kibodi, kwenye kiti, na ukutani, mahali mtungi wa kuzimia moto uliompasulia kichwa ulipokuwa ukirudi nyuma kabla ya kushuka tena. Kitako cha mtungi kilikuwa kimebonyea. Chini ya meza Koplo aliyefuatana na Inspekta aliokota jino, akaliangalia, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Nieleze tena, Shangazi," alisema baadaye. "Hawa walikuwa wanatengeneza nini hasa?"

Inspekta alikuwa ameelezwa jana yake, na alielewa kiasi chake. Kila kompyuta ina kiini, yaani ile programu ya chini kabisa inayozitawala nyingine zote, inayoamua nani asome nini na nani aguse nini. Kiini kikiwa na tundu, anayelijua anaingia na kujifanya mwenye nyumba. Mahospitali, mabenki, viwanja vya ndege, wote wanatumia kiini kilekile. Kazi ya watu wa chumba kile ilikuwa kuyatafuta matundu na kuyaziba, na marehemu aliwashinda wote kwa kuziba, ndiyo maana walimwita Kiraka. Mwiko wao mkubwa ulikuwa mmoja: tundu likishajulikana, hakuna kulitamka nje mpaka kiraka kitoke, maana ukilitangaza kabla ya kuliziba umewaita wezi.

"Na huyu marehemu?" Koplo aliuliza. "Alikuwa anaziba nini?"

"Tundu kubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona. Kiraka chake kilitoka jana, kwa jina lake na kwa neno lake la siri. Bila neno hilo hakitoki."

Koplo alitazama kibodi iliyoganda damu. "Alikitoa kabla hajauawa, au alikitoa akiwa marehemu?"

"Ndilo swali lenyewe," Inspekta alisema.

Mlango uligongwa. Aliyeingia alikuwa mwenzake Kiraka, dada mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kuvijaribu viraka kwenye mashine kabla havijatoka. Wenyewe walimwita Mpimaji. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia, na kiganja cha kulia alikuwa amekifunga bandeji.

Inspekta hakumpa hata salamu. Alimkamata kile kiganja, akaifungua bandeji kwa kasi, Mpimaji akapiga yowe. Jeraha lilikuwa jipya, refu, limenyooka.

"Uliniambia jana uliondoka hapa mzima, ukaenda moja kwa moja nyumbani. Hiki ni nini?"

"Nimejikata."

"Na nini? Na mtungi wa moto? Na meno ya mwenzako?"

"Na bati!" Mpimaji alilia. "Bati la kabati la mashine! Nenda kaangalie!"

Koplo alikwenda kuangalia. Kwenye ukingo wa kabati la mashine kulikuwa na damu, na kijipande cha ngozi. "Ni kweli, afande. Lakini jana nilikagua kabati hili mwenyewe. Lilikuwa safi."

"Kwa hiyo umeingia baada yetu," Inspekta alimwambia Mpimaji. "Umeuruka utepe wa polisi. Ulikuja kufuta nini?"

"Sikufuta kitu! Nilikuja alfajiri kukipima kile kiraka." Alikaa chini, palepale, mgongo ukutani. "Kile kilichotoka jana si cha kwake. Nilikisoma nyumbani, roho ikakataa. Kiraka alikuwa na tabia moja: kabla ya kutoa kazi yake anairushia kwanza kwenye mashine yangu ya majaribio. Hata kama ana haraka vipi. Kwa hiyo nakala yake ya mwisho iko kwangu. Nikaichukua, nikailinganisha na iliyotoka. Hazifanani."

Inspekta alichuchumaa mbele yake. Sasa alimfunga ile bandeji upya, polepole, na hakuomba radhi. "Nieleze kama unamweleza mjomba wako asiyejua kompyuta."

"Kuna mahali pawili. Pa kwanza, Kiraka aliweka ukaguzi mlangoni: mtu haingii mpaka ajulikane ni nani. Katika kilichotoka, ule ukaguzi upo, lakini umeshushwa chini, baada ya mtu kuingia. Yaani askari wa getini umempeleka jikoni. Ukipita haraka utasema askari yupo. Lakini getini hakuna mtu. Nimejaribu kuingia nacho, mashine imefunguka hivihivi."

"Tundu liko wazi, na dunia nzima inaamini limezibwa."

"Ndiyo. Na pa pili..." Mpimaji alifuta pua. "Pa pili ndipo panaponitia wazimu. Kiraka alikuwa amekosea. Kuna kufuli alilifunga, na kazi ikienda vibaya, anatoka bila kulifungua. Mashine ingeganda baada ya muda. Mimi nilikipima sikuliona. Katika kilichotoka, kosa hilo limerekebishwa."

Koplo alikuna kichwa. "Ngoja. Mtu amemvunja mwenzake vidole. Amempasua kichwa. Amekaa kwenye kiti chake, damu bado ya moto, akaharibu kiraka makusudi. Halafu akamsahihishia kosa?"

"Hakuweza kuliacha," Mpimaji alisema. "Hata sisi tuko hivyo. Ukiona mstari mbovu mkono unawasha. Kiraka alikuwa akisahihisha mpaka meseji za mama yake."

"Jamani! Muuaji ana adabu ya kazi."

Inspekta alikuwa ameshashika simu. Mkuu wa kituo alipokea baada ya mlio mrefu.

"Mkuu, aliyeua alikaa akaandika kazi ambayo yule kijana hawezi kuiandika hata umpe mwaka mzima. Anatengeneza pikipiki, mkuu."

"Mambo ya kompyuta mwambie hakimu. Mimi niletee mtu."

Nyuma ya sauti ya Mkuu mwanamume mmoja alipiga kelele. Haikuwa kelele ya kuomba. Ilianza juu, ikakatika katikati, ikaanza tena.

"Ulisema hataguswa!"

"Anaumwa tumbo," Mkuu alisema, akakata simu.

Inspekta alibaki ameishika sikioni.  Akamgeukia Mpimaji.

"Nani mwingine anaweza kuliona lile kosa la kufuli?"

"Mzee tu. Mkaguzi wetu. Kila kiraka kinapita kwake kabla hakijatoka, ila kukiwa na dharura tu. Ndiye aliyetufundisha sote, mimi na Kiraka."

"Yeye amesema hiki hakikumfikia. Anasema alikuwa nyumbani anaumwa mgongo." Inspekta aliwaza kidogo. "Na hiki kilichotoka. Akipewa akisome, ataona kwamba askari yuko jikoni?"

"Mzee? Ataona kabla chai haijapoa."

"Basi nichapie karatasi zote mbili, usiandike jina wala tarehe. Halafu kaa hapa uanze kuliziba tundu hilo upya. Koplo, washa gari."

* * *

Mkaguzi aliishi peke yake katika nyumba safi mno. Viatu vimepangwa, nyaya zimefungwa mafungumafungu, kalamu zote zinatazama upande mmoja. Alikuwa mtu mzima wa kifua kipana, mwenye sauti ya upole, na alipoanza kumtaja marehemu machozi yalimtoka kweli.

"Yule alikuwa mwanangu," alisema, akiwasha birika la umeme. "Si wa kuzaa, lakini mwanangu. Mnakunywa chai?"

"Tunakushukuru, mzee, tuna haraka," Inspekta alisema. Koplo alisimama karibu na birika, ubao wa mlango mgongoni. "Nimekuja unisaidie kuelewa. Nimepata karatasi zake, mimi naona michirizi tu."

Alimpa ya kwanza, ile ya Kiraka mwenyewe. Mkaguzi alivaa miwani. Hakuwa amesoma hata nusu ukurasa, kalamu ikawa mkononi mwake, ikapiga duara.

"Hapa. Kufuli. Akitokea njia hii anaondoka nalo mfukoni." Alitikisa kichwa. "Haraka, haraka. Nilimwambia kila siku."

"Kumbe. Na hii?"

Alimpa ya pili. Mkaguzi aliisoma mara moja, akarudia. Kalamu ilikaa juu ya karatasi na haikushuka. Birika lilianza kunguruma.

"Hii iko sawa," alisema. "Kazi safi. Hii ndiyo iliyotoka, siyo?"

"Isome tena, mzee."

"Dada yangu, mimi nimezisoma hizi tangu hujavaa magwanda. Iko sawa."

"Kosa dogo la kufuli umeliona kabla hujakaa vizuri. Hili la askari wa getini kupelekwa jikoni limekupita? Wewe uliyewafundisha kuliona?"

Mkaguzi alivua miwani, akaikunja.

"Ungesema ina tundu," Inspekta aliendelea, "ningekushukuru nikaenda zangu, maana sina kingine cha kukushika. Lakini usingeweza. Ukisema, tunaliziba leo. Na kuna watu umewaahidi kwamba litabaki wazi. Umewauzia matundu mangapi, mzee? Kiraka alikuwa amegundua mangapi?"

Yule mzee alilishika birika kwa mpini na kumwagia Koplo maji ya moto usoni.

Koplo alianguka akipiga mayowe, mikono machoni. Inspekta alikuwa bado anainuka pale kompyuta mpakato ilipomfikia mdomoni, upande wa ukingo, akasikia jino likivunjika kabla ya kusikia maumivu. Alipiga magoti. Waya ukampita shingoni. Mkaguzi aliweka goti mgongoni mwake na kuvuta, kwa utulivu, bila matusi, kama mtu anayekaza mzigo. Chumba kilianza kuwa cheusi pembeni.

Inspekta hakupigania waya. Alipapasa sakafu, akaipata kalamu, akaichoma nyuma yake kwa kukisia. Ilizama kwenye paja. Mkono uliovuta ulilegea kidogo, akageuka, akakiuma kile kiganja mpaka meno yake mwenyewe yakamuuma, na waya ulipoachiwa akampiga teke la goti kutoka ubavuni. Goti lilikunjika upande usiokunjika. Mzee alianguka juu ya viatu vyake vilivyopangwa, na Inspekta akamkalia, akampiga ngumi ya pua, akampiga tena, na ya tatu haikuwa na kazi yoyote ila alitaka kuipiga.

"Shangazi!" Koplo aliita kutoka sakafuni, hamwoni mtu. "Shangazi, uko hai?"

"Niko. Usiguse macho! Naita ambulensi." Alimfunga mzee pingu, akamgeuza kifudifudi. Damu ya mdomo ilikuwa inamdondokea Mkaguzi shingoni. "Ulipiga simu ya kazini, ukamwita mdogo wake. Kwa nini?"

Mkaguzi alikuwa analia tena, na machozi yalikuwa yaleyale ya mwanzo.

"Nilimwomba neno la siri akakataa. Vidole vyote, akakataa. Alikuwa kichwa ngumu yule. Mpaka nilipomwambia nitamwita mdogo wake, nimfanyie hayohayo mbele yake. Hapo akanipa. Palepale."

"Na bado ukamwita."

"Ilibidi apatikane mtu pale," alisema Mkaguzi.

Inspekta alimwinua kwa kumvuta pingu, na mzee akapiga yowe la goti. Hakuna aliyemhurumia.

* * *

Karandinga lilikuwa uani, injini inanguruma. Inspekta alimburuta Mkaguzi mpaka kaunta, akambwaga mbele ya Mkuu wa kituo.

"Huyu hapa. Amekiri mbele yangu na mbele ya Koplo. Koplo yuko hospitali, hatujui kama ataona tena."

Mkuu alimtazama mzee, akamtazama Inspekta na mdomo wake uliopasuka.  Akapapasa karatasi zilizokuwa mbele yake.

"Mbona yule ameshakubali," alisema mwishowe. "Maelezo haya hapa. Ameweka dole gumba."

"Dole gumba? Anajua kuandika. Ana gereji, anaandikia wateja risiti."

"Mkono hauwezi kushika kalamu," Mkuu alisema kwa sauti ndogo.

Inspekta alichukua ufunguo wa mahabusu bila kuomba.

Fundi pikipiki alikuwa ameketi kwenye kona, pingu zimemfunga mikono nyuma. Walikuwa wamemvalisha fulana safi ya kwenda nayo mahakamani, nayo ilikuwa imeshagandana na mgongo. Aliposikia mlango alijikunyata, akainua bega kukinga uso.

"Ni mimi tu," Inspekta alimwambia. Alichuchumaa mbali kidogo ili asimtishe. "Tumempata. Ni mzee wa kazini kwake. Amekiri kila kitu. Wewe huna kesi, unakwenda hospitali, halafu nyumbani kwa mama. Umenisikia?"

Kijana alimtazama kwa lile jicho lililobaki.

"Ni mimi," alisema.

"Siyo wewe. Nakwambia tumempata."

"Ni mimi, dada. Nilimvunja vidole, kimoja kimoja. Halafu nikachukua mtungi." Aliongea haraka, bila kupumua, kama mtoto anayesomeshwa. "Nilimpiga kwa sababu ya mama. Nimeshasema yote. Nimesema vizuri, sajenti mwenyewe amesema sasa nasema vizuri. Muulize."

Inspekta alikuwa amekuja na jambo la kumwambia, kwamba kaka yake alivumilia kila kidole, akashindwa pale tu alipotajiwa mdogo wake. Njia nzima alikuwa amepanga namna ya kulisema.  Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye damu ya mzee.

"Geuka nikufungue," alisema.

Kijana aligeuka upesi. Inspekta alifungua pingu, kwanza kushoto, kisha kulia, akazitoa. Mikono ilibaki palepale nyuma, kifundo juu ya kifundo.

"Nimekufungua. Unaweza kuishusha."

"Hapana, dada, niko sawa," kijana alisema akiutazama ukuta. "Ni mimi niliyemuua. Mwambie asirudi."

Inspekta alisimama. Alimwita askari wa zamu amlete daktari hapohapo mahabusu, na asimwache mtu mwingine yeyote aingie, hata Mkuu. Kisha akazikung'uta zile pingu, akatoka nazo kwenda kumtafuta Nyundo.